Usingizi Uliomrudia Mwaitu

Kaluki na mama mkwe wake walikuwa wameshalipita lango la zahanati. Mkono mmoja wa Kaluki ulimshika mama kiunoni. Mkono wa pili ulibeba viatu vya mama, maana hakukuwa na wakati wa kuvivaa.

"Polepole, Mwaitu. Tuktuk ile pale, inatungoja."

"Viatu vyangu?"

"Ninavyo. Panda tu."

Askari wa lango aliwaita kwa nyuma. "Mama! Mmeruhusiwa?"

"Tumeruhusiwa!" Kaluki alijibu bila kugeuka.

Hawakuwa wameruhusiwa.

Tuktuk iliondoka. Ilikuwa saa tano na robo mchana. Mama alijifunga leso vizuri mabegani, akaangalia barabara, kisha akamwangalia Kaluki.

"Lydiah alisema atatuchukua na gari saa saba," alisema.

"Lydiah ana kazi nyingi, Mwaitu. Leo unakuja kwangu."

Jina la mama huyu ni Kathini. Ana miaka sabini na minne, na kwao ni Kitui. Wake wa wanawe wawili humwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Mwanawe mkubwa, Maingi, ni karani. Mke wa Maingi ndiye Lydiah. Wana nyumba yao mtaa wa Njiru, Nairobi, nyumba ya chini, yenye ua na bomba la maji jikoni. Mwana mdogo, Muoki, ni mchonga vinyago. Mke wa Muoki ndiye Kaluki. Wamepanga chumba na sebule mtaa wa Kware, orofa ya sita, na hakuna lifti.

Mwaitu alikuja Nairobi kwa sababu ya tumbo. Lilimchoma usiku na mchana. Alikuwa amekaa wiki tatu, na zote alilala Njiru kwa Lydiah. Kwa Kaluki hakulala hata siku moja.

Hilo ndilo lililomla Kaluki.

Hapa kwetu wake wa ndugu huitana mke-mwenza kwa mzaha, ingawa kila mmoja ana mume wake. Kaluki na Lydiah hawakuitana hivyo. Mzaha hupita mahali palipo na nafasi, na kati ya hao wawili hapakuwa na nafasi.

"Lydiah ana gari," Kaluki alizoea kumwambia mumewe. "Lydiah ana kochi. Lydiah ana bomba. Lakini ana nini kingine? Ana wavulana watupu! Mimi ndiye niliyemzalia mama yako Kathini."

Alisema kweli. Binti yake alipewa jina la bibi yake, kama ilivyo desturi ya Wakamba. Kwao mtoto kama huyo ni bibi mwenyewe, amerudi akiwa mdogo. Majirani walimwita Kaluki Mama Kathini, naye kila alipoitwa hivyo alinyoosha shingo kidogo. Basi ilikuwaje bibi aje mjini, asilale nyumba moja na jina lake?

"Ni magoti, labda," Muoki alimwambia.

"Magoti! Kanisani anapiga magoti vizuri."

Asubuhi hiyo Lydiah alikosa ruhusa kazini, kwa hiyo Kaluki ndiye aliyempeleka Mwaitu zahanati. Alifurahi mno. Aliamka saa kumi alfajiri, akapika muthokoi. Hayo ni mahindi yaliyokobolewa, yakapikwa na maharagwe mpaka yakalainika. Alitandika kitanda kwa blanketi jipya, la maua mekundu, ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelilalia. Moyoni alisema, leo ni leo.

Daktari alitaka kumwangalia Mwaitu tumboni kwa kamera ndogo inayopitishwa kooni. Saa nne alimpulizia dawa ya kutia ganzi kooni. Halafu muuguzi, msichana mpole aitwaye Ayuma, akamwekea sindano laini ya plastiki kwenye mshipa wa mkono, akaibandika kwa plasta. Kupitia hiyo alimpa dawa ya kumtuliza alale kidogo. Dawa hiyo inaitwa midazolamu.

Kazi iliisha vizuri. Lakini Mwaitu hakuamka kama walivyotazamia. Aliitwa, hakuitika. Pumzi yake ikawa fupi. Daktari akasema neno, Ayuma akaleta dawa nyingine, wakampa kidogo kidogo kwenye mshipa uleule. Haikupita dakika mbili, Mwaitu akafumbua macho.

"Mmemaliza?" aliuliza. "Mbona sikuona kitu?"

Kaluki alicheka mpaka machozi. Ilikuwa kama kuwasha taa.

"Hiyo ni dawa gani, sista?" aliuliza.

"Inaitwa flumazenili. Ni dawa ya kuamsha. Inaizuia ile ya usingizi isifanye kazi. Lakini nisikilize, mama. Hii ya kuamsha huisha mapema, na ile ya usingizi bado imo mwilini. Kwa hiyo atakaa hapa nimwangalie mpaka saa saba. Hata akikwambia yuko sawa. Na asile, asinywe chochote mpaka niseme. Koo lake bado lina ganzi."

"Ndiyo, sista."

Kaluki alisema ndiyo, lakini masikio yake yalikuwa kwingine. Ayuma alikuwa amefungua faili.

"Jamaa wa karibu hapa ameandikwa Lydiah," Ayuma alisema. "Namba ya simu ni yake. Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni mke wa mwanawe."

"Sawa. Basi andika jina lako hapa chini. Pale pa msindikizaji."

Chini! Kaluki aliandika. Kalamu ilikaribia kutoboa karatasi.

"Na huyo Lydiah amepiga simu sasa hivi," Ayuma aliendelea, bila kujua anamwaga chumvi kwenye kidonda. "Anasema atafika saa saba, na atampeleka mama Njiru moja kwa moja akapumzike."

Kisha Ayuma akaitwa chumba cha pili, kwa mgonjwa mwingine. Kaluki alibaki na Mwaitu. Alifikiria muthokoi uliokuwa kwenye sufuria. Alifikiria blanketi jipya. Alimtazama mama mkwe wake, macho wazi, anaongea, anauliza habari za mbuzi wa Kitui. Huyu mgonjwa ni mgonjwa gani?

"Mwaitu, unajisikiaje?"

"Vizuri tu. Nina njaa."

"Unaweza kutembea?"

"Kwani nilikuja nikibebwa?"

Kaluki aliifunika ile sindano ya mkononi kwa leso, akachukua viatu. Hivyo ndivyo walivyotoka.

*

Pale Kware, kwenye mlango wa ploti, yaani jengo la kupanga, Mugo alikuwa akikaza mfereji unaovuja. Mugo ndiye msimamizi wa jengo.

"Ooh! Shosho ametutembelea leo!" alisema, maana bibi mtaani huitwa shosho. "Amepona?"

"Amepona kabisa!" alisema Kaluki kwa sauti ya kusikika mpaka orofa ya pili. "Anakuja kulala kwake. Kwa jina lake!"

Walipanda. Orofa ya kwanza, Mwaitu alishika ukuta. Orofa ya tatu aliketi kwenye ngazi.

"Hizi ngazi zenu," alisema. "Zinaenda mpaka kwa Mungu?"

"Bado kidogo, Mwaitu."

"Magoti yangu, Kaluki. Sikutaka kusema." Alipiga miayo. Kope zake zilikuwa zimeanza kushuka.

Kaluki aliona ni uchovu. Alimwinua. Orofa ya sita, kwenye korido, jirani yake Tiffany alikuwa akimsuka mteja nywele.

"Niaje Mama Kathini! Huyo ndiye shosho mwenyewe?"

"Ndiye huyu. Si nilikwambia atakuja?"

"Karibu shosho. Mbona anasinzia hivyo?"

"Ametoka mbali," alisema Kaluki, akafunga mlango.

Muoki alikuwa kazini, na Kathini mdogo shuleni. Alimkalisha Mwaitu kitandani, juu ya maua mekundu. Akapakua. Akamlisha kijiko kimoja kwa mkono wake mwenyewe.

"Mtamu?"

"Mm," alisema Mwaitu. Alitafuna mara mbili. Kisha kichwa kikainama, akalala pale pale na mto mgongoni, kidevu kikagusa kifua. Akaanza kukoroma.

Kaluki aliweka sahani chini. Alisimama akimtazama. Wiki tatu alikuwa ameisubiri picha hii. Mwaitu amelala. Kwake.

Simu ikalia. Lydiah.

"Umeshtuka, eeh?" Kaluki aliiambia simu. Hakuipokea. Ikalia tena. Akaizima sauti, akailaza kifudifudi mezani. Ikatetemeka pale, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

"Piga! Piga mpaka kesho!"

Halafu alipata wazo lililomfurahisha zaidi. Alichukua simu, akampiga Mwaitu picha, na blanketi likaonekana vizuri. Akaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, pale kila mwenye namba yake angeiona. Chini akaandika: *Mwaitu amepumzika kwake. Asante Mungu.*

Alingoja. Simu huonyesha nani ametazama. Wa kwanza alikuwa Tiffany. Wa pili alikuwa Lydiah.

Kaluki alicheka peke yake. Punde ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa Lydiah. Simu hakutaka kuipokea, lakini ujumbe wa sauti hauna mjadala, unausikiliza unavyotaka. Naye alitaka sana kumsikia Lydiah akilia. Alikaa kitini, akabonyeza.

Haikuwa sauti ya Lydiah.

"Mama, mimi ni Ayuma, muuguzi. Lydiah amefika mapema, na hii ni simu yake. Tumeiona picha uliyoweka. Dawa ya kuamsha imeisha nguvu. Mama yako amerudi kwenye usingizi wa dawa, na hapumui vizuri. Kidevu kimeziba koo. Pokea simu. Nakuomba. Pokea simu sasa hivi."

Kaluki aligeuka kumtazama Mwaitu. Kule kukoroma kulikuwa kumebadilika. Pumzi ilitoka, halafu kimya. Kimya kirefu. Halafu ikaja nyingine, na sauti ya kugugumia kama maji yanayopita kwenye mfereji ulioziba. Midomo ilikuwa imekuwa na rangi ya majivu.

Simu ilitetemeka. Aliipokea kabla haijatetemeka mara ya pili.

"Sista! Sista, hapumui!"

"Kaluki, nisikilize. Weka simu kwa sauti kubwa, iweke kitandani. Mwite kwa jina, mtikise bega."

"Mwaitu! Mwaitu! Haitiki!"

"Kunja ngumi. Msugue katikati ya kifua, kwenye mfupa, kwa nguvu."

Kaluki alisugua. Mwaitu alikunja uso kidogo, akavuta pumzi, akarudi alikokuwa.

"Amekunja uso tu."

"Vizuri, yu hai. Ulimpa chakula?"

Kaluki aliitazama sahani iliyokuwa chini.

"Kaluki, sikuulizi nikugombeze. Nauliza kwa sababu ya koo."

"Kijiko kimoja. Muthokoi."

"Mgeuze alale ubavu. Goti la juu likunjwe mbele, asibiringike. Fungua mdomo. Ukiona chakula, kitoe kwa kidole. Usichokonoe usichokiona."

Kaluki alimvuta Mwaitu, akamlaza ubavu. Alitoa punje nne za mahindi na maharagwe mawili. Hajazisahau mpaka leo.

"Sasa rudisha kichwa nyuma kidogo, inua kidevu. Njia ifunguke."

Alifanya hivyo. Kugugumia kukaisha. Pumzi ikaingia, ndefu, yenye sauti safi. Kaluki akaanza kulia.

"Usilie sasa. Hesabu. Tazama kifua, hesabu kila pumzi, nitakwambia dakika ikiisha."

Mlango ukafunguka. Tiffany alikuwa amesikia kelele. Mkononi alishika bilauri.

"Mpe maziwa! Maziwa yanakata sumu!"

"Nani huyo anasema maziwa?" Ayuma alipaza sauti kwenye simu. "Hapana! Asipewe maziwa, asipewe maji, asipewe kahawa. Asitapishwe. Asimwagiwe maji baridi. Aliyelala hivyo hawezi kumeza. Kitaingia kwenye mapafu."

Tiffany aliiweka bilauri chini polepole, kama iliyojaa moto.

"Saba," alisema Kaluki. "Amepumua mara saba."

"Ni chache. Chini ya kumi ni hatari. Gari la wagonjwa limetoka, na mimi nimo ndani. Lydiah yuko mbele yetu na gari lake, anatuonyesha njia. Ukiona pumzi zimekoma kabisa, mlaze chali, nitakuelekeza kumkandamiza kifua. Usikate simu. Nyinyi wengine, tafuteni wa kumshusha."

Tiffany alikimbia hadi kwenye ngazi, akapiga kelele moja tu. "Mugo! Panda na watu! Shosho anazimika!"

*

Walimshusha kwa lile blanketi la maua mekundu. Mugo na wanaume watatu walishika pembe. Kaluki alitembea ubavuni, ameinama, mkono wake haukuondoka kwenye kidevu cha Mwaitu.

"Ubavu! Mlaze ubavu!" alisema kila kona ya ngazi.

"Tunajua, Mama Kathini. Wewe shika kidevu."

Nje, mkokoteni wa mitungi ya maji ulikuwa umefunga njia. Gari la wagonjwa lilikwama mbali, king'ora kinalia bure. Kwenye matope, katikati ya watu, mwanamke mwenye sketi ya ofisini alikuwa anakuja mbio. Viatu alikuwa ameviacha nyuma. Alikuwa Lydiah.

Kaluki alijikaza. Alingoja tusi. Alijua anastahili.

Lydiah aliingia upande wa pili wa blanketi, akakishika kichwa cha Mwaitu kwa viganja viwili. Wakaenda hivyo, mmoja kidevu, mmoja kisogo, mpaka kwenye gari.

Ndani ya gari mlikuwa na Ayuma na yule daktari wa asubuhi, Mutisya. Daktari hakukimbilia sindano. Kwanza aliweka barakoa usoni kwa Mwaitu, akaanza kumsaidia kupumua kwa mfuko wa hewa. Midomo ikaanza kurudia rangi yake. Ndipo akauliza, bila kuinua macho.

"Kabla sijampa dawa ya kuamsha tena, nijibuni ukweli. Huyu mama hutumia vidonge vya usingizi? Vya wasiwasi? Vya kifafa? Fomu inasema hakuna. Lakini dozi tuliyompa asubuhi ilikuwa ndogo, na alilala kuliko kawaida."

"Kwangu hajala kitu ila muthokoi," alisema Kaluki.

Lydiah alikuwa amejiegemeza mlangoni, matope mpaka magotini.

"Ni mimi," alisema.

Wote walimtazama.

"Siku tatu hizi nimempa nusu kidonge kila usiku. Ni vyangu. Nilipewa hospitali mwaka jana nilipofiwa na mama, vikabaki. Kwenye fomu niliandika hakuna."

"Vinaitwaje?"

"Dayazepamu."

"Siku tatu tu? Si miezi?"

"Tatu tu. Naapa, daktari."

"Sawa. Ingekuwa miezi, mkono wangu ungesita." Mutisya alichukua dawa ya kuamsha, akaanza kuipitisha kwenye ile sindano ambayo bado ilikuwa mkononi mwa Mwaitu. Kidogo. Akangoja. Kidogo tena. Ayuma alihesabu pumzi kwa sauti.

Mwaitu alifumbua macho. Alimwona Kaluki analia. Alimwona Lydiah analia.

"Mbona mnanililia?" aliuliza ndani ya barakoa. "Nimekufa?"

"Hujafa, Mwaitu," walisema pamoja.

"Basi nyamazeni. Mnaniumiza kichwa."

*

Mwaitu alikaa zahanati mpaka jioni. Mara moja alianza kusinzia tena, akapewa dawa tena, na baada ya hapo akakaa macho. Hakuna aliyemgusa kumtoa. Askari wa lango alikuja mwenyewe kusimama mlangoni.

Wale wanawake wawili walikaa kwenye benchi moja.

"Kwa nini ulimpa vidonge?" Kaluki aliuliza.

"Alikuwa halali. Usiku anaita, Kathini, Kathini. Nikamuuliza, unamwita nani, Mwaitu? Akasema, mtoto wangu wa Kware. Nipeleke nikamwone." Lydiah alijifuta pua. "Mimi nimempa chumba. Nimempikia uji kila asubuhi. Na usiku anaita mtoto wako. Sina mama, Kaluki. Nilitaka huyu awe wangu. Nilitaka alale, aache kuita."

Kaluki alimgeukia.

"Mimi nilidhani hataki kuja kwangu."

"Alitaka kila siku. Ila alisema ngazi zako zitamuua, na akanikataza nisikuambie. Alisema utajisikia vibaya."

"Sasa ni mimi karibu nimuue kwa ngazi na muthokoi."

"Na mimi kwa vidonge. Gawa sawasawa."

Kaluki alicheka kidogo, kicheko chenye kamasi.

Mutisya alipita, wakamsimamisha.

"Daktari," alisema Kaluki, "hii dawa ya kuamsha inauzwa wapi? Nataka niweke moja nyumbani. Kule kwetu vijana wanameza vidonge hivi na pombe. Wengine wanatiliwa mchele, ile dawa ya wezi, kwenye vinywaji, wanalala siku mbili."

"Haiwekwi nyumbani, mama." Daktari aliketi kwenye ncha ya benchi. "Kwanza inapitishwa kwenye mshipa, na anayeitoa lazima awe na hewa na vifaa vya kupumulisha karibu. Pili, umeona mwenyewe inavyoisha mapema. Inaweza kudumu chini ya saa moja. Usingizi unabaki nyuma unangoja."

"Kama mgeni aliyejificha," alisema Lydiah.

"Hivyo. Na tatu, wapo watu inayoweza kuwadhuru. Mtu aliyezoea vidonge hivi kila siku, ukimwamsha ghafla, anaweza kushikwa na kifafa. Mwenye kifafa tayari, vilevile. Aliyechanganya na dawa fulani nyingine, vilevile. Ndiyo maana wengi wanaoletwa hapa wamezidisha vidonge hatuwapi kabisa. Tunawasaidia kupumua, tunawangoja, usingizi unaisha wenyewe."

"Kwa hiyo mimi wa nyumbani sina kazi?" Kaluki aliuliza.

"Una kazi kubwa kuliko yangu. Leo nani alimweka hai kabla hatujafika? Ulimlaza ubavu, ukafungua njia ya hewa, ukahesabu pumzi. Ukikuta kijana kazimika kwa vidonge, fanya yaleyale. Omba gari la wagonjwa, kama huna namba nyingine piga 999 au 112. Usimwache peke yake eti alale ulevi uishe. Anayekoroma kwa namna ile halali, anakosa hewa. Na ukija, beba pakiti za vidonge, tuambie ameviongezea nini. Pombe na vidonge hivi vikikutana ni vibaya zaidi."

"Na kama alimeza kwa makusudi?"

"Tuambie hivyo hivyo. Hatumwiti polisi, tunamtibu. Na akiamka, kaa naye, msikilize, mlete aongee na mtu anayejua kusikiliza. Mtu aliyefika hapo anaumwa, kama Mwaitu alivyoumwa tumbo."

Alisimama, kisha akageuka.

"Na ukweli, akina mama. Fomu isiyo na ukweli ni kama dawa yenye jina la uongo."

Wote wawili walitazama chini. Kila mmoja alijua uongo wake.

Saa kumi na mbili Ayuma alikuja na faili. Alitoa ile sindano mkononi mwa Mwaitu, akabandika pamba.

"Sasa mmeruhusiwa," alisema, na akamtazama Kaluki kwa jicho la pembeni. "Kweli kweli. Usiku wa leo asilale peke yake. Mtu awe chumba kimoja naye. Chakula laini. Na hakuna kidonge cha usingizi cha mtu mwingine, hata robo. Nani atakuwa naye?"

Kaluki na Lydiah walifungua midomo pamoja, wakaifunga pamoja.

"Njiru," alisema Kaluki. "Hakuna ngazi." Maneno yale yalimpita kooni kama punje kavu. Lakini yalipita.

"Na wewe uje," alisema Lydiah. "Wewe na Kathini wako. Kitanda cha pale ni kikubwa."

Ayuma alichukua kalamu. Pale pa jamaa wa karibu aliandika jina la pili. Hakuliandika chini. Aliliandika pembeni ya la kwanza, kwenye mstari mmoja.

*

Tumbo la Mwaitu lilikutwa na vidonda. Alimeza dawa alizoandikiwa, zikaisha, na sasa anakula vizuri. Muthokoi anakula, ukiwa umelainika.

Kaluki na Muoki walihama orofa ya sita. Wako ploti ileile, chumba cha chini, karibu na mfereji. Kuna kelele, lakini hakuna ngazi. Mwaitu akija mjini hukaa wiki mbili Njiru na wiki mbili Kware.

Lydiah alivirudisha vile vidonge duka la dawa, viteketezwe. Kila mwezi huenda kikundi cha kanisani cha waliofiwa. Yeye na Kaluki huitana mke-mwenza. Bado huoneana wivu, hasa siku za Krismasi. Husemana waziwazi, halafu hupika.

Tiffany bado anasuka nywele kwenye korido. Mwezi wa nne alimkuta mteja wake mmoja kazimika kwa pombe na vidonge. Alimlaza ubavu, akapiga simu, akahesabu pumzi. Maziwa hakutoa. Mteja yule yu hai.

Mugo alimpiga marufuku mwenye mkokoteni kuegesha mbele ya lango. Askari wa zahanati siku hizi haulizi kwa mdomo. Huomba karatasi.

Blanketi la maua mekundu lilichanika pembe moja siku ile ya ngazi. Kaluki alilishona. Liko Njiru, kwenye kitanda kikubwa.

Kathini mdogo yuko gredi ya pili. Anajua kuhesabu mpaka mia, na bibi yake akilala, huhesabu pumzi zake.